Noeli kwa Sauti ya Pili

Juzi asubuhi, nikiwa na mtoto mgongoni, pikipiki ilinipita imebeba mzigo wa matawi ya kalitusi. Yalikuwa yametoka kukatwa, utomvu bado mbichi, ncha zake zinaburuzika juu ya vumbi letu jeusi. Kwa mtu mwingine harufu ile ni ya dawa ya kifua, ya sufuria la maji ya moto na blanketi juu ya kichwa. Kwangu mimi ni Noeli. Na kila ikinifikia, kabla sijakumbuka kitu kingine chochote, nakasirika. Sisemi nahuzunika. Nakasirika.

Nyinyi mliokuwa watoto pamoja nami hapa Ndosho mnaikumbuka kazi ile. Wiki ya mwisho kabla ya Noeli vijana wa kanisa walikuwa wanafunga kalitusi kwenye nguzo zote, wanaokota mawe ya volkano uwanjani na kujenga pango mbele, pembeni ya mimbari. Ndani ya pango walitandika majani makavu ya maharage. Makanisa mengine yalikuwa na mwanasesere. Sisi tulidharau mwanasesere. Kwetu alilazwa mtoto wa kweli, na sheria ilikuwa moja tu: mtoto wa mwisho kuzaliwa kanisani kabla ya Noeli, huyo ndiye Yesu wa mwaka ule. Mama yake ndiye Maria. Alijifunika kitenge cha bluu kichwani, akakaa karibu na pango ibada nzima, akanyonyesha mbele ya watu wote na hakuna aliyesema neno. Sisi watoto tuliwajua kwa majina wote waliotangulia. "Yule aliyekupiga jiwe ni nani?" "Ushindi, yule aliyekuwa Yesu mwaka upepo ulipopeperusha manjanja ya paa la kanisa." Tulisema hivyo bila kucheka.

Mwaka ninaousema nilikuwa darasa la tatu. Papa, baba yangu, alikuwa amekwenda kutafuta maisha kwenye machimbo upande wa Walikale. Alituma salamu mara mbili, halafu kimya. Tulikuwa mimi na mama kwenye nyumba ya mbao ya vyumba viwili. Mama aliuza sokoni maharage yaliyotoka Kiwanja, na jioni ya mazoezi alikuwa mwimbaji wa kwaya, sauti ya pili. Akirudi alikuwa na uso mwingine kabisa, kama mtu aliyetoka kula vizuri.

Halafu tumbo lake likaanza kukua. Jumapili moja kwaya ilipanda mbele na mama hakupanda. Alinishika mkono akanipeleka benchi la nyuma kabisa, lile la karibu na mlango, ambalo ubao wake wa kuegemea ulikuwa umepasuka na kukamata nguo za watu.

"Mama, juu ya nini tunakaa huku?"

"Huku kuko hewa," akasema.

Nikaamini. Mama mjamzito anahitaji hewa, jambo la wazi. Kwenye benchi lile tulimkuta Muzee Katembo, fundi wa viatu, aliyekuwa analala tangu wimbo wa kwanza mpaka baraka. Sikujua kwamba naye alikuwa amewekwa huko, kwa sababu ya kuoa bibi wa pili. Nilimwona tu kama mzee anayependa hewa.

Mwezi ule wa mwisho mchungaji alihubiri Jumapili tatu juu ya Yesu anayesimama mlangoni anabisha. Heri yule atakayesikia, alisema, akagonga mimbari kwa vidole, ko-ko-ko. Nikageuka nikatazama mlango. Ulikuwa hatua mbili kutoka kwetu. Hapo nikaelewa yote: wale wa mbele wako mbali, wana ngoma na gitaa, hawawezi kusikia mtu akibisha. Kanisa linahitaji watu wa kusikia. Ndiyo maana wametuchagua sisi. Nilianza kukaa wima kama askari, sikio moja kwa mchungaji, sikio moja kwa ubao wa mlango. Upepo ukiusukuma, moyo wangu unaruka.

"We mutoto," Muzee Katembo akaniuliza siku moja, jicho moja wazi, "unaangalia nini kwa mulango?"

"Niko namungojea Yesu."

Akafikiri. "Sawa. Akifika uniamushe. Usimwambie nilikuwa nalala."

Ndugu yangu alizaliwa wiki tatu kabla ya Noeli. Mama akamwita Byamungu. Nyinyi mnajua jinsi mama za kanisa wanavyopokea mtoto: wanakuja kwa kundi na sabuni, sukari, unga wa uji, wanaanza kuimba tangu barabarani ili majirani wasikie, wanaogesha mtoto, wanaogesha mama, wanafagia mpaka uwanja. Nilifagia mimi kabla, nisiaibike. Nikapanga viti vyetu vitatu na bidoni mbili za maji za kukalia. Siku ya kwanza hawakuja. Siku ya nne nikarudisha bidoni kwenye kazi ya maji. Lakini sikuhuzunika, maana nilikuwa nimekwisha kupata maelezo yangu: wanajiwekea kwa Noeli. Huwezi kumshangilia Yesu mara mbili ndani ya mwezi mmoja.

Kwa sababu hesabu ilikuwa rahisi. Byamungu alikuwa wa mwisho. Hatari ilikuwa moja tu, mama yake Ushindi, bibi ya shemasi, ambaye tumbo lake lilikuwa limefika mahali ambapo anapita mlangoni kwa upande. Kila usiku nilipiga magoti nikaomba tumbo lile lishikilie. Bwana, usimtoe sasa. Mtoe siku ya mwaka mpya, nayo ni siku nzuri. Jumapili nilimchunguza mama Ushindi akitembea kama mtu anavyochunguza sufuria la maziwa juu ya moto. Na Bwana akasikia. Asubuhi ya Noeli tumbo likaingia kanisani likiwa zima, na mimi nikatoa pumzi niliyokuwa nimeishika wiki tatu.

Mama alikuwa amemwogesha Byamungu mapema, akampaka mafuta, akamvalisha kofia nyeupe aliyoifuma mwenyewe. Nyeupe kabisa, mpya. Mpaka leo sijui alimfumia kwa nini kofia ya namna ile. Mama alijua vizuri tutakaa wapi. Lakini mikono ya mtu inaweza kuwa na tumaini ambalo kichwa kimekataa. Mimi kwa upande wangu nilikuwa nimeiba kitenge chake cha bluu sandukuni, nikakikunja, nikakificha tumboni chini ya nguo yangu. Nilitembea mpaka kanisani kama mama Ushindi.

Kanisa lilikuwa limejaa harufu ile. Watu wana nguo mpya, viatu vya watoto vinalia sakafuni. Kwaya ikaimba. Mama Zawadi, moniteri, mwalimu wetu wa shule ya Jumapili, akasimama karibu na pango na kitabu chake cha majina ya watoto.

"Kanisa, tumpokee mutoto wetu wa mwaka huu!"

Nikaanza kukitoa kitenge. Na kutoka benchi la pili akainuka dada mdogo wa shemasi, amejifunika bluu tayari, amembeba mtoto wake wa kiume. Nilimjua mtoto yule. Alikuwa na miezi minane. Alikuwa na meno mawili. Walipomlaza kwenye majani aligeuka, akakaa, akang'oa bua la maharage akalitia mdomoni, na kanisa lote likacheka kwa mapenzi.

Nilidhani ni kosa. Watu wazima wanakosea, hesabu ni ngumu. Nikapanda juu ya benchi.

"Mama Zawadi! Mumekosea! Ule ni mukubwa, iko na meno! Wa mwisho ni wetu! Byamungu iko na wiki tatu tu, iko hapa!"

Na nikainua kitenge cha bluu juu ya kichwa, wakione.

Ngoma ilinyamaza. Nilisikia mawe ya pango yakiteleza kidogo, mtoto yule akiendelea kutafuna. Vichwa vyote vikageuka, na ndipo kwa mara ya kwanza nikaona benchi letu kutoka upande wao. Muzee Katembo akashtuka usingizini, akatengeneza koti haraka.

"Amefika?" akauliza.

Vijana wakacheka. Mama Zawadi akaja katikati ya mabenchi, anatabasamu kwa meno tu. "Sifa, mutoto muzuri, shuka. Wa kwenu bado hajaandikwa kwa kitabu."

"Basi mumwandike sasa. Tutangoja."

Hapo mama alinishika mguu. Nilitegemea kofi, mama yangu alikuwa na mkono mwepesi. Hakunipiga. "Sifa, nyamaza," akasema. "Lakini mama, ni sisi..." "Nyamaza. Nakuomba."

Mama hakuwa mtu wa kuniomba. Alikuwa anaamuru, kama mama wote. Lile neno moja liliniogopesha kuliko kanisa zima. Nikashuka, nguo yangu ikakamatwa na ubao uliopasuka, ikachanika. Kitenge cha bluu nilikikalia.

Nyumbani mama alipika kama watu kumi wanakuja: wali, maharage, kipande cha nyama, mandazi yamejaa beseni. Noeli hapa mtoto hahitaji kualikwa. Anavaa nguo mpya anatembea mlango kwa mlango, kila nyumba anapewa kitu. Nilikaa kwenye kizingiti na nguo yangu iliyochanika. Walipita. Niliwaona kwa makundi, wenzangu wa darasa, midomo inang'aa mafuta. Wakifika kwetu walivuka upande ule mwingine wa njia, na mmoja alipotaka kuingia dada yake alimvuta mkono. Sikuita. Mama alikuwa amefunga sufuria la wali kwa nguo nzito lisipoe. Kila baada ya muda alilishika kwa kiganja, kama mtu anayepima homa.

Saa tisa mlango ukabishwa. Ko-ko-ko. Naapa, niliruka nikiwa nafikiri vile mnavyofikiri. Mama naye alisimama, akavuta kitambaa chake vizuri. Alikuwa ni Neema, msichana wa kwaya, kama miaka kumi na sita, hajavuka kizingiti.

"Noeli njema, mama Sifa."

"Noeli njema, mwanangu! Ingia, ingia. Kaa. Sifa, leta sahani."

"Mama Sifa... wamenituma nichukue iniforme ya kwaya. Tuko na konseri saa kumi, kuko mutu hana yake."

Mama aligeuka. Akaenda chumbani. Alirudi na sare ile mikononi: kitenge cha zambarau na ukosi mweupe, imepigwa pasi, mikunjo yote mahali pake. "Kula kwanza," akasema. "Hata andazi moja."

"Wananingojea, mama." Neema aliipokea bila kumwangalia. Nilimwona akikimbia, ameishika mbali na mwili wake.

Jioni ile, jua bado liko, mama alimwogesha Byamungu kwenye beseni la mandazi, maana mandazi tulikuwa tumeyahamisha kwenye mfuko. Akaanza kuimba. Ulikuwa wimbo nisioujua, wa ajabu, unakaa mahali pamoja muda mrefu, halafu unashuka kidogo bila sababu, unangoja, unarudi. Kama mtu anayezungumza na mwingine ambaye humsikii.

"Mama, ni wimbo gani?"

"Ni ule ule wa Noeli. Wa asubuhi."

"Haufanani."

"Ni sauti yangu tu, Sifa," akasema, akimwagia mtoto maji mgongoni. "Sauti ya pili ikiwa peke yake inakuwa vile."

Kwa miaka mingi niliamini kwamba ni mimi niliyemvua mama ile nguo. Kwamba nisingepanda juu ya benchi, Neema asingetumwa. Sikumwambia mtu. Nilikua na jambo lile kama kokoto kwenye kiatu, na nikajifunza kunyamaza, nikawa hodari wa kunyamaza. Kabla ya Pasaka mama alisimama mbele ya kanisa akaungama, wakamrudisha kwenye meza ya Bwana, lakini kwaya hakurudi. Mimba haitungwi na mtu mmoja, hata mtoto wa darasa la tatu wa leo anajua, lakini benchi lile lilimpokea mama peke yake. Mwanaume yule, awe nani, kama alikuwa wa kanisa letu basi aliendelea kupata hewa mbele. Mama hakumtaja. Byamungu sasa ni kijana, anatengeneza pikipiki, na ukimtajia kanisa anaongeza sauti ya injini.

Mama alipokuwa kitandani kwa ugonjwa wake wa mwisho, nilimwambia hatimaye. Nikalia kama mjinga. Yeye akacheka mpaka akakohoa.

"Ile iniforme? Walianza kuniomba tangu mimba iko ya miezi mine! Kila wiki, mama Sifa rudisha, mama Sifa rudisha. Nilikuwa nawakatalia. Nilikuwa naivaa humu ndani, wewe ukiwa masomoni, napika nayo."

"Na juu ya nini uliitoa siku ile?"

Akavuta shuka kifuani. "Nilikuona juu ya benchi. Nikasema, kama mutoto wangu anapigana vile, mimi napigania nguo ya nini?"

Alizikwa msimu wa mvua. Kwaya ilikuja, ikaimba vizuri sana. Nilitaka kuwafukuza wote.

Sasa nina binti wangu mwenyewe, miezi miwili. Baba yake yuko, ana afya, ana simu, hajibu. Wazee wa kanisa walikuja nikiwa na mimba wakaniambia niko chini ya nidhamu, na Jumapili iliyofuata nilikwenda mwenyewe benchi la nyuma kabla hawajanionyesha. Ubao bado umepasuka. Muzee Katembo alishakufa, kwa hiyo niko na benchi lote.

Wiki iliyopita Mama Zawadi alikuja kwangu. Amezeeka, anatembea kwa fimbo, lakini kitabu bado ni chake. Akakaa, akamwangalia mtoto, akasifu mashavu.

"Sifa, mwaka huu watoto hawako. Watu wametawanyika, wengine wamerudi vijijini, wengine wamevuka mupaka. Nimeangalia kitabu. Wa mwisho ni wako."

Moyo wangu, mjinga yule, uliruka kama mlango umebishwa.

"Na Maria?"

"Maria atakuwa binti mumoja wa kwaya." Akavuta kitambaa chake. "Unajua mwenyewe. Uko kwa nidhamu, huwezi kusimama mbele. Lakini mutoto hana kosa."

"Hana kosa sasa. Byamungu alikuwa na kosa gani?"

Alihamisha fimbo kwenye mkono mwingine.

"Kumbe munataka mutoto bila mama."

"Ni ibada tu, Sifa. Tutakurudishia."

"Mama Zawadi, huyu ananyonya. Akilia katikati ya mahubiri, binti yenu wa kwaya atamupa nini? Kitabu?"

"Usiseme vile."

"Nasema hivi. Nilisoma Injili kwa shule yenu mwenyewe. Malaika alikuja kwa Maria kabla hajaolewa. Kama angekuwa mushirika wetu, mungemuweka wapi? Munieleze, nitampelekea hewa."

Nilitegemea atakasirika. Alikaa, mikono yote miwili juu ya fimbo, akitazama beseni la mtoto lililokuwa limeegemea ukuta. "Ulikuwa na kitenge cha bluu," akasema. "Sijasahau." Alipotoka nilimshika mkono kwenye kizingiti, maana mawe yetu ni mabaya kwa mzee. Lakini mtoto sikumpa.

Noeli nitakwenda. Sitaki waseme nimekimbia. Nitakaa nyuma na binti yangu, na watafute mwanasesere kama makanisa mengine. Nyumbani, kila jioni, namwogesha nikimwimbia ule wimbo kama nilivyoupokea, sauti ya pili, unakaa mahali pamoja, unashuka, unangoja. Sijui kuuimba kwa namna nyingine. Yeye hunitazama bila kupepesa macho, maji yakimtiririka shingoni, kama mtu anayeujua. Siku atakaposikia kwaya nzima ikiimba, atadhani wao ndio wamekosea.